Chemchemi Iliyozibwa

Leo napenda kuwaeleza habari ya kitabu kimoja, na pamoja nayo habari yangu mwenyewe. Habari hizo mbili zimeshikana kama mzabibu na mti wake. Nikiieleza moja na kuiacha nyingine, nitakuwa nimewapa nusu ya ukweli. Na nusu ya ukweli ndiyo hasa niliyochoka nayo.

Kitabu hicho nilikiona mwaka jana, wakati wa mvua, katika chumba cha vitabu cha parokia yetu. Kilikuwa chini ya vitabu vya hesabu vya zamani, na panya walikuwa wamekwisha kula pembe za jalada. Nilikichukua ili kupitisha jioni tu, kwa kuwa mvua ilinizuia kurudi nyumbani. Siku tatu baadaye nilikuwa nimekimaliza pamoja na cha pili chake, na usiku wa siku ile ya tatu sikupata usingizi.

Mwandishi wake ni Marcel Pagnol, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1895 katika mji wa Aubagne, karibu na Marseille, akafa mwaka 1974. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Habari hii kwanza aliitengeneza kuwa filamu, mwaka 1952. Kisha akaiandika upya kwa urefu, ikatoka mwaka 1963 katika vitabu viwili. Cha kwanza ni Jean de Florette, cha pili Manon des sources, na jina lao la pamoja ni L'Eau des collines, ndiyo kusema maji ya vilima. Mwaka 1986 mtu mwingine, Claude Berri, alitengeneza filamu mbili juu ya habari hiyo, na watu wengi wanaijua kwa njia ile. Mimi nitasema juu ya vitabu.

Kwanza yafaa mwijue nchi yenyewe. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika twaamka asubuhi na kuona maji mpaka mwisho wa macho. Kule sivyo. Vilima vya pande zile ni vya mawe meupe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji hupenya mawe kama yanavyopenya kikapu, hushuka chini kabisa, na kutokea tena mahali pachache tu. Shamba lenye chemchemi ni mali; shamba lisilo na chemchemi ni mawe na miiba. Kwa hiyo mtu aliyejua chemchemi aliificha, hata rafiki asimwonyeshe, na wazee wengine walikufa na siri hiyo moyoni.

Katika vilima hivyo Pagnol ameweka kijiji chake, Les Bastides Blanches, chenye watu 150 hivi. Watu wale si wabaya. Wanalima, wanawinda, wanacheza, wanagombana, wanapatana. Lakini wana sheria moja kubwa kuliko zote: mtu asijiingize katika mambo ya jirani. Sheria hiyo kwanza yaonekana kuwa ni ya amani. Kumbe ndiyo iliyomwua mtu.

Katika kijiji hicho palikuwa na mzee mwenye mali, César Soubeyran, ambaye watu wote walimwita Papet. Neno hilo katika lugha ya kwao ni sawa na kusema nkambo kwetu. Lakini nkambo huyo hakuwa na mke, wala mtoto, wala mjukuu. Ujana wake alikwenda kuwa askari huku Afrika, akarudi, akakaa peke yake. Wa ukoo wake alibaki mmoja tu, Ugolin, mtoto wa ndugu yake. Ugolin alitamani kulima maua ya kuuza mjini, maana yalikuwa na faida nyingi. Lakini maua hayo hunywa maji kama ng'ombe. Shamba la karibu, liitwalo Les Romarins, lilikuwa na chemchemi. Mwenyewe alipokufa, urithi ulimwendea dada yake, Florette, msichana wa palepale aliyeolewa zamani na mhunzi wa Crespin, kijiji ambacho watu wa Bastides walikichukia. Naye Florette alikuwa amekufa. Basi mrithi alikuwa mtoto wake, Jean.

Papet na Ugolin walifanya nini? Kabla mrithi hajafika, walikwenda kwa siri, wakaiziba chemchemi kwa simenti, wakaifunika kwa udongo, nyasi zikaota. Walisema mioyoni mwao: asipopata maji atachoka, atauza kwa bei ndogo, atakwenda zake.

Jean akaja. Alikuwa na kibiongo, alikuwa mtu wa mjini aliyefanya kazi ya kukusanya kodi, tena msomaji wa vitabu. Alikuja na mke wake Aimée na binti yao mdogo Manon, moyo umejaa furaha, kwa sababu alikuwa anarudi kwa mama yake. Wasomaji wapenzi, tafadhali lishikeni neno hilo. Yeye mwenyewe hakuzaliwa pale, lakini nyumba ile ilikuwa ya wajomba zake. Sisi twajua mtoto wa dada ni nani katika nyumba ya wajomba. Huingia bila kubisha hodi, hula bila kualikwa.

Katika nchi ile watu walikuwa na desturi ya kumwita mtu kwa jina la mama yake. Kama kijiji kingalimwita Jean wa Florette, wazee wote wangalimkumbuka mama yake, na bila shaka mmoja angalimshika mkono na kumwonyesha mahali pa maji. Papet alijua hivyo. Ndiyo sababu yeye na Ugolin walilificha lile jina, wakaacha watu wafikiri kwamba huyo ni mgeni tu, mtu wa Crespin. Mnaona? Waliziba chemchemi mbili: ya maji na ya jina. Na ile ya pili ndiyo iliyoua.

Jean alifuga sungura, akapanda maboga, akahesabu mavuno yake katika vitabu. Mvua ikakataa. Alichukua maji mbali, siku kwa siku, yeye na mkewe na mtoto na punda. Ugolin alikuja kumsalimu kila mara, akampenda hata, akalia, wala hakusema. Jean akaweka shamba rehani kwa fedha za Papet mwenyewe. Mwisho akachimba kisima kwa baruti. Jiwe likampiga, akafa. Chemchemi ilikuwa shambani mwake muda wote, miguu yake iliikanyaga. Papet akalinunua shamba, chemchemi ikafunguliwa, Ugolin akapanda maua.

Na watu wengine wa kijiji? Hawakuitia mkono ile simenti. Lakini wazee walijua kwamba Les Romarins palikuwa na chemchemi zamani. Walimwona mtu yule akipita na madumu mgongoni juu ya kibiongo chake, wakasema ni mambo yake na ya Soubeyran. Wakaenda kucheza.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakiweka mezani. Nilijua uso wa watu wale. Niliujua kwa sababu ni uso wangu.

Sasa nawaeleza. Nilizaliwa mwaka 1990 katika kijiji kimoja kando ya ziwa, kusini mwa Kalemie. Vita ilipoanza mwezi wa Agosti 1998, ikafika pande zetu, watu walipanda mitumbwi usiku, wakavuka kwenda Kigoma. Sisi tulikimbilia milimani, tukarudi baada ya majuma machache. Jirani yetu alivuka pamoja na mke na watoto, wakapelekwa katika kambi ya Lugufu, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1997 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Kabla ya kuondoka alimwambia nkambo wangu: “Nitazamie michikichi yangu.” Michikichi yake ilipakana na yetu. Nkambo akasema: “Nenda na amani.”

Mwaka wa kwanza nkambo aliitazamia kweli. Alipalilia, akakamua mawese, akaweka kando sehemu ya mwenyewe katika debe. Lakini mwenyewe hakurudi, na njaa ilikuwako, na debe lile likaliwa. Sisemi hivi kumtetea. Nasema kwa kuwa ndivyo dhambi inavyokuja, kwa miguu ya polepole. Siku moja, nilikuwa na miaka tisa au kumi, aliniita alfajiri tufuatane na majembe. Tuling'oa miti midogo ya mpaka, mmoja mmoja, tukaitupa mtoni. Mashimo tulifukia, nami niliyakanyaga kwa miguu yangu mpaka udongo ukawa sawa. Nkambo aliniambia: “Mtoto mwenye akili hana macho marefu.” Nilifurahi kuitwa mwenye akili.

Jirani yetu alifia Lugufu. Mwaka 2009 kambi ile ilipofungwa, mwana wake wa kwanza alirudi na mke na mtoto mchanga. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Alikwenda kwa kapita, akaomba michikichi ya baba yake. Kapita akaita wazee chini ya mwembe. Mimi nilikuwako, nilikuwa mwanafunzi wa seminari, nimekuja likizo, shati jeupe, nimeketi upande wa wazee kwa ajili ya heshima ya masomo yangu. Wazee waliulizwa mmoja mmoja: mpaka wa shamba la marehemu ulipita wapi? Mmoja akasema vita imeharibu kila kitu. Wa pili akasema yeye alikuwa mgonjwa miaka ile. Wa tatu akasema marehemu hakuwa na michikichi pale, alikuwa akikamua tu kwa ruhusa. Nkambo hakusema neno. Alikuwa akivuta kiko. Hakuna hata mmoja aliyeapa uwongo mkubwa. Kila mmoja aliweka kijiwe chake, na ukuta ukasimama.

Kapita akanigeukia, akacheka kidogo, akasema: “Na mwanafunzi wetu, ana neno?” Nikasema: “Hapana, mzee. Mimi nilikuwa mtoto.”

Ndugu zangu, nilikuwa nimesoma wakati ule amri zote kumi kwa Kifaransa na kwa Kilatini. Niliweza kueleza tofauti ya dhambi ya tendo na dhambi ya kutotenda. Lakini nyayo za miguu yangu zilijua mahali pa kila shimo, nami nilisema kwamba nilikuwa mtoto. Lilikuwa neno la kweli. Hiyo ndiyo hila yake.

Yule kijana akapewa kipande juu ya mlima, penye mawe. Alilima muhogo, ukawa mwembamba kama vidole. Baadaye akaacha, akawa anavua dagaa kwa mtumbwi wa watu wengine, akigawana mapato nao. Mimi nilirudi seminarini. Nilimaliza filosofia, kisha wakubwa wangu pamoja nami tuliona kwamba njia yangu ni nyingine. Nikatoka kwa amani, nikaoa, nikafanywa katekista katika kijiji chetu chenyewe. Nkambo alikufa mwaka 2014, akiwa amepakwa mafuta matakatifu. Michikichi ikawa ya baba mdogo, na kila mwezi yeye huniletea chupa mbili za mawese. Tulizila. Watoto wangu wamekua kwa mawese hayo.

Sasa turudi katika kitabu. Miaka ilipita. Manon alikuwa msichana, anachunga mbuzi vilimani, hataki kushuka kijijini. Siku moja akajua yale yaliyomuua baba yake. Akajua tena lililo chungu zaidi, kwamba watu walijua na kunyamaza. Akavumbua pango ambamo maji yote ya kijiji yalipita chini ya ardhi. Akayaziba. Bomba la uwanjani likakauka, na maua ya Ugolin pamoja nalo.

Nazipenda sana kurasa zile. Serikali ikamtuma mtaalamu, akasema maneno marefu, maji hayakuja. Jumapili kanisa likajaa, hata wale wasioingia kamwe walikuja. Padri akasimama, wala hakuwafurahisha. Aliwaambia kwamba kuna kosa lililofichwa kijijini, na kwamba sala za watu haziwezi kupanda juu vema ikiwa mtu anajua dhambi yake na hataki kuitubu. Wakaangaliana. Kila mtu alimtafuta mwenye dhambi katika uso wa jirani, na hakuna aliyeitafuta katika uso wake.

Kisha siri ikatoka mbele ya watu wote. Mmoja akashuhudia. Ugolin, ambaye kwa adhabu yake alikuwa amempenda Manon kama mwenda wazimu, akaomba msamaha wa kumwoa, akakataliwa, akajinyonga. Ndipo watu walipojua pia kwamba yule mwenye kibiongo hakuwa mgeni, bali mtoto wa Florette, wa damu yao.

Lakini Pagnol aliweka siri moja ya mwisho, nzito kuliko zote. Bibi kizee kipofu, jina lake Delphine, alikaa na Papet wakazungumza habari za zamani. Akamwuliza: mbona hukuijibu barua ya Florette? Barua gani? Ile aliyokuandikia Afrika, ulipokuwa askari, kukuambia kwamba ana mimba yako, na kwamba ukikubali kumwoa atakungoja. Papet hakuipata barua ile. Florette aliona kimya, akafikiri ametupwa. Akajaribu kuitoa mimba, haikutoka. Akaolewa na mhunzi wa Crespin. Mtoto akazaliwa hai, naye alikuwa na kibiongo. Mzee yule, aliyelia maisha yake yote kwa kukosa mtoto, alikuwa amemwua mtoto wake mwenyewe kwa kiu. Watu walikuwa wakimwita nkambo kila siku, na mjukuu wake alikuwa akichunga mbuzi mlimani na kumchukia. Akaandika barua, akamwachia Manon mali yote, akafa.

Wengine husoma mwisho huo wakasema: tazama, Mungu amemwadhibu. Mimi sikuona hivyo tu. Niliona kwamba mwenye kumnyima mgeni hajui anamnyima nani. Papet hakujua. Angalijua, angalimkimbilia Jean njiani, angalimbeba yeye pamoja na madumu yake. Lakini haki haingoji mpaka tujue kwamba mtu ni damu yetu. Kama angalimpa maji kama mgeni tu, angalimpata kama mtoto.

Usiku ule, kama nilivyosema, sikulala. Nilikumbuka ungamo la mwanzo wa Misa. Katika Misale ya zamani tulijishtaki kwa mawazo, maneno na matendo. Misale ya Papa Paulo VI, ya mwaka 1970, iliongeza jambo la nne: yale tuliyoacha kuyatenda. Nimelitamka neno hilo mbele ya watu mara nyingi sana, nikipiga kifua. Tena yupo binti wa miaka kumi na sita katika darasa langu la Kipaimara, anayeketi karibu na dirisha. Ni yule mtoto mchanga aliyetoka Lugufu mgongoni mwa mama yake. Majuma mawili kabla nilikuwa nimewafundisha amri ya saba na ya nane.

Asubuhi nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta anasuka wavu. Nilimsalimu, nikakaa, nikasema: “Baba mdogo, nimekuja kwa habari ya mpaka.” Hakuuliza mpaka gani. Alisuka fundo moja, la pili, akasema: “Marehemu amelala. Wewe unataka kumfukua?” Nikajibu: “Hapana, baba. Nataka alale vizuri.” Akaniambia kwamba masomo yameniharibu, kwamba nina mshahara wa misioni ndiyo maana nadharau michikichi. Kweli mshahara huo nyote mwaujua ulivyo. Nilimwomba tufuatane kwenda kwa mwenyewe. Akakataa. Nikamwomba ruhusa ya kwenda peke yangu. Hakujibu, nami nilikwenda.

Yule mwana wa jirani nilimkuta pwani, anaanika dagaa juu ya mchanga. Nilimwambia: “Kaka, nina neno, nami nimechelewa nalo miaka mingi.” Nikamweleza yote: alfajiri, majembe, miti iliyotupwa mtoni, mashimo, miguu yangu. Nikamweleza pia siku ile chini ya mwembe na lile jibu langu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, hata kwa kupigwa. Hakunipiga. Alikaa juu ya mtumbwi, akatazama upande wa Kigoma kwa muda mrefu, kisha akasema maneno haya, nami sijayasahau:

“Mwalimu, baba yangu alipokuwa anakufa alinishika mkono. Aliniambia: rudi nyumbani, kuna michikichi arobaini, niliipanda kwa mkono wangu, hutakosa chumvi. Nilirudi. Mlisema wote hakuna. Nami nilisadiki kwamba baba alinidanganya, ili nipate nguvu ya kurudi. Miaka yote hii nimekuwa na aibu juu yake. Sijamwombea hata Misa moja.”

Wasomaji wapenzi, mimi nilifikiri tumemwibia mawese. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku, madebe mangapi, falanga ngapi. Kumbe tulimwibia baba yake. Tulimchukua mtu mwaminifu, tukamfanya mwongo katika moyo wa mwanawe, bila kumtaja hata mara moja, kwa kunyamaza tu. Kama vile wale wawili walivyoficha jina la Florette. Madebe yaweza kulipwa. Nani atalipa miaka ile ya aibu?

Sikuomba msamaha wakati ule. Niliona kwamba kuomba upesi ni kutaka kupumzika. Nilimwuliza tu: “Nikuonyeshe?” Akasema: “Nionyeshe.” Tukapanda pamoja. Miaka zaidi ya ishirini na tano imepita, lakini mashina mawili yalikuwa yamechipuka upya katikati ya nyasi, yamekuwa miti, na hakuna aliyeuliza kamwe kwa nini imesimama pale katika mstari mmoja na lile jiwe kubwa. Akaigusa. Akahesabu michikichi kwa kidole. Ilikuwa thelathini na saba. Mitatu imekufa kwa uzee. Akasema kwa sauti ndogo: “Arobaini.”

Mambo hayajakwisha, wala sitaki kuwadanganya. Kapita mpya aliita wazee tena, nami nilisema mbele yao yale niliyopaswa kusema mwaka 2009. Wawili kati ya wale wa zamani wangali hai. Mmoja aliinamisha kichwa, akasema: “Tulijua.” Mwingine aliondoka katikati ya mkutano. Miti ya mpaka imepandwa upya. Baba mdogo hakuja, na tangu siku ile hapiti mbele ya nyumba yangu; mke wangu hununua mawese sokoni, na kuna watu wa ukoo wanaosema nimemvua nkambo nguo kaburini. Neno hilo linaniuma. Nilimpenda nkambo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusali rozari, kwa mikono ileile iliyoshika jembe. Ninamwombea kila siku, na sasa namwombea vema zaidi kuliko zamani, kwa sababu naomba nikijua ninaombea nini.

Juu ya msamaha, yule kaka hajaniambia neno. Lakini mwezi wa Novemba, katika siku za kuwaombea marehemu, alikuja sakristia na falanga zilizofungwa katika kitambaa, akataka Misa kwa ajili ya baba yake. Aliniandikisha jina lote, polepole, herufi kwa herufi, nami nililiandika. Padri aliposoma jina lile mbele ya kijiji, palikuwa kimya kabisa kanisani, na kimya kile hakikufanana na kile cha chini ya mwembe.

Kama katika kijiji chako, ndugu msomaji, yupo mtu aliyerudi kutoka mbali anayeuliza njia ya shamba la baba yake, nawe unajua, usingoje kusoma kitabu kama mimi. Papet aliambiwa ukweli siku ambayo hakuwa tena na mtu wa kumpelekea maji. Wewe labda unaye bado. Mwendee leo, angali anauliza.